Chumvi ya Bahi na Samaki wa Tanga

Meza ya barazani kwangu, hapa Mkonze, pembeni mwa Dodoma, ina kioo kinene kuliko kioo cha dirisha lolote mtaani. Ukingoni kina mstari wa gundi nyeusi iliyokauka, ambayo nimeikwangua kwa kisu mara nyingi na bado haijaisha. Juzi mjukuu wangu alikuwa akimenya chungwa juu yake. Akabandua kipande cha gundi kwa ukucha, akauliza, "Babu, hiki kioo kilikuwa dirisha la nini?" Harufu ya ganda la chungwa ikanipanda puani. Nilimwambia kilikuwa dirisha la bahari. Alicheka, akaendelea kula. Simlaumu. Nami nisingeamini kama bahari hiyo isingekaa sebuleni kwetu, mahali ambapo hata maji ya kuoga tulikuwa tunayapigia foleni.

Mama yangu mzazi alifariki kabla sijaanza shule. Sauti yake siikumbuki. Kilichobaki ambacho ningeweza kukigusa ni kabati la vyombo, la mninga, lililosimama kwenye ukuta mrefu wa sebule. Baba alinipa ufunguo wake. Nikautia kwenye uzi, nikauvaa shingoni mpaka mashati yangu yote yakawa na alama ya kutu kifuani. Sikumruhusu mtu kulifungua, na mwenyewe nililifungua mara chache, nikiogopa kwamba harufu iliyokuwamo ingetoka na kwisha.

Sisi asili yetu ni Bahi, Wagogo, lakini Baba alikuwa mchora ramani serikalini na tuliishi mjini katika nyumba ya serikali. Nilipokuwa darasa la nne alimwoa Monika. Alikuwa Mbondei wa upande wa Muheza, na kwa miaka mingi alifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja Tanga. Ilikuwa miaka ile ambapo mali za umma zilianza kuuzwa, na madukani vikaanza kuonekana vitu tulivyozoea kuvisikia tu. Hoteli ile ilipata mmiliki mpya, na samani za zamani wakagawiwa wafanyakazi. Wenzake walichukua viti na magodoro. Yeye alichukua tangi la samaki wa baharini lililokuwa mapokezi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilitunza siku zote. Alifika Dodoma na lori la machungwa la kaka yake, amekaa mbele, tangi limeviringishwa blanketi, samaki wamo ndooni kati ya miguu yake. Kitu kingine alichokuja nacho kilikuwa sanduku moja la kahawia lenye pembe za chuma.

Tangi lenyewe halikuzidi urefu wa dawati la shule. Ndani mlikuwa na jiwe la tumbawe lenye matundu, na kila tundu lilikuwa na mkazi wake. Mlikuwa na kamba mdogo mwenye mistari myekundu, na samaki wawili wa rangi ya chungwa waliofungwa mishipi myeupe. Juu ya jiwe aliota kiumbe laini kama ua, mwenye vidole vingi visivyotulia, na samaki wale wawili walilala katikati ya vidole hivyo kama watoto kwenye godoro. Ukiinamia karibu ulisikia pampu ya hewa ikinong'ona na harufu ya kitu kibichi, cha chumvi, ambacho mimi sikuwa nimewahi kukinusa.

Majirani walikuja kutazama. Mmoja wao, mwanamke mcheshi wa nyumba ya pili, aliinama akawakagua kama anayechagua kuku.

"Hawa ndio wanaliwa?"

"Wanatazamwa tu," Monika akajibu.

"Kutazama hakushibishi, shoga. Kwetu cha kutazama ni mwezi."

Kila asubuhi Monika alichovya kidole na kuonja maji. Upepo wetu mkavu uliyapunguza haraka, naye aliyajaza kwa maji ya mvua tuliyokinga kwenye pipa, kwa kuwa ya bomba aliyaona mazito. Nilimwangalia nikastaajabu. Maji ya bahari yanapungua, yeye anaongeza ya mvua. Si siku moja yatakuwa ya mvua matupu? Nilipouliza, alisema, "Kinachoondoka ni maji tu, Elia. Chumvi inabaki." Nikalifunga jambo hilo akilini kwa namna yangu: bahari ni maji na chumvi, basi. Ukiwa na chumvi, una bahari.

Kwetu mwanamke mwenye mtoto huitwa kwa jina la mtoto wake. Mama yangu alikuwa Mama Elia. Yule jirani mcheshi alipojaribu kumwita Monika hivyo, nilisimama katikati ya watu nikasema, "Mama Elia yuko makaburini." Tangu siku hiyo mtaani wakamwita Mama Tanga, Baba akamwita Monika, na Bibi yangu wa Bahi, kila alipokuja, alimwita mke wa mwanangu. Mimi sikumwita chochote. Nikiwa na neno la kumwambia nilisubiri mpaka anitazame.

Kisha Baba akaanza kupanga tangi kubwa.

Alikuwa mtu wa kalamu na rula, na furaha yake yote aliiweka kwenye michoro. Alichora tangi la kutoka dirishani mpaka mlango wa ukumbini, kwa kipimo, na samaki wadogo ndani yake ili Monika afurahi. Aliutandika mchoro mezani wakati tunakula. Nilitafuta kabati la mama yangu kwenye ukuta wa ule mchoro, sikuliona.

"Kabati litakwenda wapi?"

"Stoo," alisema Baba bila kuinua uso. "Litakuwa salama huko."

Monika alinitazama, akautazama ule uzi shingoni mwangu. "Ya kabati tutazungumza, Baba Elia. Kwanza maji." Akaeleza, na mimi nilimsikia kwa chuki kama mtu anayesomewa hukumu. Kaka yake angeleta maji ya bahari kwa mapipa kutoka Tanga, na mchanga, na mawe. Maji yangekaa mpaka yatulie. Kisha wangechanganya na ya tangi la zamani. Samaki wangeingia mwisho kabisa. "Tangi haliingiwi kama nyumba," alisema. "Nyumba unahamia hata rangi haijakauka. Humu tunawakaribisha kwanza wale wasioonekana, ndipo wanaoonekana waweze kuishi."

Baba alikubali kwa mdomo. Lakini kioo kilikuwa kimeshapatikana, kinene, cha kutoka nje, na fundi vioo alikuwa na nafasi, na mwenye kuchora hapendi kuona mchoro umelala. Mimi na Monika tukarudi siku moja kutoka kanisani tukakuta fundi anamalizia kupaka gundi. Tangi kubwa lilikuwa limesimama juu ya meza ya chuma katikati ya sebule, mbele ya kabati, tupu, refu kama jeneza la kioo. Ili kupata nafasi, Baba na fundi walikuwa wamelisukuma tangi dogo kando likiwa na maji yake yote.

Kesho yake likaanza kuvuja kwenye kona ya chini.

Tone moja, halafu unasubiri, halafu tone lingine. Tuliweka karai. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na sahani yangu niliposikia sauti ya Monika, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikiwa juu.

"Nilikwambia lisisogezwe na maji!"

"Ni tone tu, Monika."

"Tone ndilo linaloua. Nakwambia Baba Elia, hawa wakifa, mimi Dodoma sikai."

Mtu mzima angejua kwamba hayo ni maneno ya mtu aliyechoka na upepo, na ugeni, na mtoto asiyemwita jina. Mimi niliyachukua kama mkataba uliowekwa saini. Samaki wakifa, anaondoka. Kabati linabaki. Sitaficha kwamba jambo la kwanza nililohisi lilikuwa furaha. Nilikwenda kuchuchumaa mbele ya karai nikasikiliza matone, na kila tone lilikuwa sauti ya kiatu chake kikielekea stendi.

Shule ilikuwa imefungwa, na wao wawili walikuwa wakienda kazini. Monika alikuwa amepata kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya jirani na ya Baba. Asubuhi iliyofuata alinipa kikombe cha plastiki.

"Karai likifika nusu, chota, rudisha taratibu. Taratibu, wasishtuke. Nakuachia wewe. Baba yako hana subira."

Sijui kama alikuwa na ujanja au alikuwa hana mtu mwingine. Lakini hakuna aliyewahi kuniachia uhai wa kitu. Nilichota, nikarudisha. Kufikia jioni samaki wale walikuwa wameijua mikono yangu. Nikikaribia walitoka katika vidole vya ua lao wakaja juu. Nilianza kuamka mapema kabla sijaitwa. Bila kumwambia mtu, na bila kukubali hata mwenyewe, nikaanza kuogopa lile nililokuwa nikilitamani.

Maji ya bahari hayakuja. Dereva mmoja wa lori alituletea habari kwamba gari la kaka yake Monika limeharibika njiani, linasubiri kipuri, mapipa yamo ndani pamoja na machungwa. Monika alisikiliza, akashukuru, akaenda kuonja maji. Alionja mara mbili. Tone lilikuwa limeongeza kasi.

Ndipo Bibi akaja.

Alishuka kwenye treni kutoka Bahi, kapu kichwani, shingo imenyooka kama kwamba kapu halina uzito. "Mbukwenyi!" alisema mlangoni, nasi tukaitikia "Mbukwa," hata Monika, ambaye alitamka vibaya na Bibi akaona raha. Monika akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Pokea, mke wa mwanangu. Munyu wa Bahi."

Kapu lilijaa chumvi yetu, ile ya kijivu. Bibi aliikwangua mwenyewe mbugani wakati wa kiangazi, udongo ule mweupe unaobaki maji yakikauka, akauchuja kwenye chungu chenye matundu, akachemsha mpaka ikashikana kuwa mabonge. Ilikuwa kazi ya msimu mzima, ya kuinama juani. Hakuwa mtu wa kumpa kila anayekuja. Mama yangu alipewa, nasikia, baada ya kuzaliwa mimi.

Kabla Monika hajasema zaidi ya ahsante, Baba alitokea chumbani, akaliona kapu, na uso wake ukafunguka.

"Mama! Umetuokoa!"

Bibi akamtazama. "Nimewaokoa na nini?"

"Elia," Baba aliniita kwa sauti ya mwalimu, "bahari ni nini?"

"Maji na chumvi," nilisema, nikajivuna.

"Umesikia? Hata mtoto anajua." Akavuta mpira wa bomba la uani, ambalo siku hiyo lilikuwa na maji, kupitia dirishani, akaanza kulijaza tangi kubwa. Kisha akalichukua kapu mikononi mwa Monika na kuyavunja mabonge moja moja ndani ya maji. Nilimwona Bibi akifungua mdomo, akaufunga. Nikamtazama Monika. Alikuwa akitabasamu, tabasamu lililonyooka, ambalo sasa najua alikuwa akiwapa wageni wa hotelini waliomletea matata. "Ahsante sana mama," alisema. "Umetufaa." Bibi naye akatabasamu. "Haya. Kama inafaa."

Wote watatu walikuwa wanacheka. Mimi nilifurahi kuliko wote. Chumvi ya kwetu imeokoa samaki wa Tanga, na zaidi ya hayo imemzuia mtu asiondoke. Nilimuuliza Monika, "Tuwahamishe leo?" Akageuza uso kidogo upande wa Bibi, akajibu, "Maji yatulie kwanza, Elia." Nikalielewa neno hilo kama alivyokuwa amelieleza mezani. Kutulia ni hatua. Hatua ikipita, wanaingia.

Tope lilishuka chini, maji yakawa maangavu. Kila nilipomuuliza, alisema bado hayajatulia. Mimi niliyaona yametulia kuliko maji yoyote.

Siku yenyewe Bibi alikuwa amekwenda uani kwa jirani kubangua karanga. Nilikuwa nachota na kurudisha, nachota na kurudisha, mara nikaona karai halijai. Nikainama. Maji hayakudondoka tena. Yalikuwa yamekuwa uzi, na uzi ule uliufuata mguu wa meza ukaingia chini ya zulia. Nilisogeza karai, uzi ukahama. Niliziba kona kwa kidole, maji yakapita pembeni ya kidole. Nikachukua tambara, nikakumbuka kwamba lina sabuni, nikalitupa. Ndani ya kioo maji yaliipita alama ya penseli aliyokuwa ameiweka Monika, yakashuka chini ya kichwa cha jiwe. Vidole vya lile ua vikabaki hewani, vikalala, vikawa kama kamasi. Samaki wawili wakajibanza chini, wanagongana.

Hawa wakifa, mimi Dodoma sikai.

Nilisikia maneno hayo kama yanasemwa ndani ya chumba. Nyuma yangu tangi kubwa lilikuwa kimya, limejaa, maji yake hayana hata wimbi. Nilichota samaki kwa kikombe alichonipa Monika. Mmoja, wa pili. Nikamtia na yule kamba. Kisha nikakumbatia jiwe lote pamoja na ua lake, shati likalowa, nikalishusha taratibu, kama nilivyofundishwa, wasishtuke.

Kwa muda kilikuwa kitu kizuri nisichokisahau. Samaki wale ambao hawakuwahi kuwa na nafasi ya zaidi ya dawati walikata maji kutoka dirishani mpaka upande wa ukumbini, moja kwa moja, wakang'aa. Nilicheka peke yangu. Halafu mmoja akasimama. Akaanza kufungua mdomo haraka haraka. Akajisugua chini kama anayewashwa. Kamba aliruka mgongo nyuma, akaanguka, akaruka tena, akalala ubavu. Kutoka kwenye ua ukatoka utando mweupe. Niligonga kioo. Nikawaita. Sikuwa na majina ya kuwaitia.

Nilipiga kelele mpaka Bibi akaja mbio, maganda ya karanga yamejaa kwenye khanga.

"Umewatia humo?"

"Kule maji yamekwisha, Bibi!"

Alichovya kidole, akakitia mdomoni, akatema sakafuni. Sikuwa nimewahi kumwona Bibi akitema ndani ya nyumba. "Ni munyu wangu wote huu. Watoe. Watoe, mtoto!"

"Tuwapeleke wapi?"

"Kwenye maji yao! Ng'ombe akizama topeni unamwongezea tope?"

Tulimimina karai kwenye sufuria kubwa, tukakamua hata maji yaliyobaki kwenye kona ya tangi dogo. Nikawatafuta kwa chujio la chai. Wa kwanza alikuwa ameshakakamaa. Kamba alikuwa ameiva rangi kama aliyechemshwa. Samaki wa pili alipumua bado, mara moja moja, na nikamshusha kwenye sufuria nikamshikilia awe wima kwa vidole viwili. Bibi alichuchumaa karibu yangu, akipepea maji kwa kiganja ili yapate hewa. Ndivyo Monika alivyotukuta alipokuja kula chakula cha mchana, mkoba ungali begani.

Alilitazama tangi dogo tupu, akatazama kubwa, akatazama sufuria. Alipiga magoti. Alichomoa pampu ya hewa, akaitia ndani ya sufuria, akauondoa mkono wangu kwa samaki, akaweka wake. Hakuuliza ni nani. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Baba alipofika, ndipo Bibi akasema.

"Ni chumvi yangu, siyo?"

"Hapana mama," Monika akajibu haraka. "Ni maji ya bomba. Yana dawa."

"Mke wa mwanangu, mimi nimeonja." Bibi akamgeukia Baba. "Mimi nilileta chumvi ya mlenda. Nilimletea mkeo ya jikoni kwake. Nani alisema iwe ya samaki?"

Baba alibaki na kofia mkononi. "Sasa mama, mbona siku ile hukusema?"

"Ningesemaje? Msimu mzima unamwagwa kwenye chupa, namtazama mwenye nyumba, anacheka. Nikasema labda ndivyo wanavyokula watu wa pwani."

"Nilicheka kwa ajili yako, mama," alisema Monika. "Nilijua maji yameharibika. Niliona haya kuikataa chumvi yako mbele yako. Nikasema kaka akija nitayamwaga kimyakimya, tuanze upya."

"Na mimi nilicheka kwa ajili yako," alisema Bibi.

Walitazamana. Bibi alijaribu kujizuia akashindwa. Kicheko kilimtoka puani, kikavu, chenye machozi. "Basi tumewaua kwa adabu," alisema. Monika naye alicheka kidogo, halafu akafunika uso kwa mikono akalia, na Bibi akamwacha alie.

Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nahesabu mkataba. Waliokufa walikuwa wengi kuliko aliyebaki, na ua lile alilolipenda lilikuwa limeyeyuka. Wakiwa bado sebuleni niliingia chumbani kwao, jambo nililokatazwa, nikaliburuta lile sanduku la kahawia kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa jepesi. Kulikuwa na mahali pamoja tu ndani ya nyumba ile ambapo hakuna mtu angefungua. Nikasubiri sebule iwe tupu, nikapenya nyuma ya tangi kubwa, nikafungua kabati la mama yangu, nikasogeza vitambaa vyake vya meza, nikalisukuma sanduku chini, nikafunga. Uzi nikaurudisha shingoni, chini ya shati.

Kaka yake Monika alifika kesho yake, siku ambayo Bibi alikuwa anarudi Bahi. Lori lilinuka machungwa mpaka barabarani. Tulishusha mapipa, na Monika alichovya kidole katika maji ya kwao, akaonja, akafumba macho. Akamtia samaki aliyebaki kwenye ndoo ya maji mapya. Samaki alilala kwenye kitako cha ndoo, upande mmoja, lakini alikuwa anapumua sawasawa. Kisha Monika akaingia chumbani. Nilimsikia akivuta vitu chini ya kitanda. Akatoka.

"Jamani, nani ameona sanduku langu?"

Injini ya lori ilikuwa inanguruma nje. Baba alisema hajaliona. Bibi, aliyekuwa anajifunga khanga tayari kwa treni, alinitazama. Nadhani aliona mkono wangu ulikokwenda, kwenye uzi.

"Elia. Sanduku liko wapi?"

"Sijui."

"Elia."

"Mwenyewe alisema!" Nilipiga kelele nisizojua zilikotoka. "Alisema wakifa hakai! Na mimi ndiye niliyewaua, na lori liko nje, na mmoja amebaki, mmoja hajafa!"

Monika alikaa kwenye kiti. "Maneno hayo niliyasema mchana nina hasira, Elia. Nilimwambia baba yako. Kumbe wewe umekaa nayo siku zote hizi?"

Nilivua uzi, nikapita nyuma ya tangi, nikafungua kabati mbele yao wote. Harufu ile ikatoka. Niliiacha itoke. Nikavuta sanduku, nikalisukuma miguuni kwake, nikasubiri aingize nguo zake.

Hakulitazama kwanza. Alitazama ndani ya kabati, vikombe vyenye maua ya bluu, bakuli kubwa, vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Hakugusa. "Mama yako alijua kuchagua vyombo," alisema. "Baba Elia, hili kabati halitoki hapa." Baba akaitikia kwa kichwa.

Ndipo akalifungua sanduku na kuanza kulijaza. Aliweka kitenge kipya, bado kimekunjwa cha dukani. Akaweka sabuni, majani ya chai, machungwa mpaka yakafika juu, na katikati ya machungwa pakiti za chumvi nyeupe ya baharini ambazo kaka yake alikuja nazo. Akalifunga, akapiga goti, akamkabidhi Bibi.

"Kapu lako liliharibika kwa maji, mama. Chukua hili badala yake, halirudi tupu."

Bibi alilipapasa zile pembe za chuma. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba lilikuwa sanduku pekee alilokuwa nalo Monika. "Na wewe utasafiria nini?"

"Nisafiri kwenda wapi?" alijibu Monika.

Bibi akalifungua tena, akatoa pakiti moja ya chumvi, akaipima kwa mkono, akakunja uso. "Hii nayo ni ya samaki?"

"Ya mlenda, mama."

Tangi kubwa halikujazwa tena. Fundi aliziba lile dogo, na samaki yule mmoja aliishi humo muda mrefu, mpaka nikaingia sekondari. Kioo kikubwa kilikatwa meza. Mimi nilifanya kosa lingine nikiwa mtu mzima na akili zangu: nilipooa nililihamishia kwangu kabati la mama yangu, sikumuuliza Monika, nikamwachia ukuta mtupu ambao aliupigania kwa ajili yangu. Majirani walimwambia sasa ana nafasi ya bahari yake. Aliweka hapo viti vya wageni. Tulipomzika, hapa hapa Dodoma, ndipo nikalirudisha lile kabati kwenye ukuta wake, na halikuwa na mtu wa kulitazama.

Lakini siku ile tulimsindikiza Bibi stesheni, mimi na Monika, sanduku tumelishika kila mtu upande wake. Treni ilipoanza kuvuta, Bibi alitoa kichwa dirishani.

"Mama Elia!" aliita, mbele ya watu wote. "Mama Elia, mtunzeni huyo mmoja!"

Monika hakuitika. Aligeuka kwanza akanitazama, akasubiri, na treni inakwenda. Niliangalia chini, nikaangalia mabehewa, nikamshika mkono.

"Unaitwa," nilimwambia.

"Abee, mama!" akaitika.